Lenzi Pana na Ukoo Mpana

Ukitaka kupiga picha mlango wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa lenzi ya milimita 50, andaa kwanza maneno ya kuwaomba radhi watu walio nyuma yako. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Mlango wenyewe ni mrefu, una njumu za shaba, una nakshi hadi kizingiti cha juu, na wewe unataka vyote viingie kwenye picha. Basi unarudi nyuma. Unarudi tena. Mara kisigino kimegonga baraza, na juu ya baraza kuna wazee, na mbele ya wazee kuna birika.

"Bwana wee," aliniambia mmoja wao, kikombe mkononi, wala hakupandisha sauti, "mlango huo haukimbii. Kahawa ndiyo imekimbia."

Kahawa nililipia. Mlango niliondoka nao vipande: picha moja ina nusu ya juu, nyingine nusu ya chini, na katikati hazikutani.

Jioni ile ile nikaanza kusoma habari za lenzi pana. Hesabu yake inavutia, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa filamu ya kawaida ya milimita 35, lenzi ya 50 inaona digrii 46 hivi, kona kwa kona. Ya 28 inaona 75. Ya 21 inapita 90. Ya 15 inafika 110, na iko hata ya 12, inayoona 121. Ukizipanga hivyo kwenye karatasi zinafanana na ngazi za mshahara, na hakuna mtu aliyeonyeshwa ngazi za mshahara akaomba ile ya katikati.

Kamera yangu ni Bessa R, iliyotolewa mwaka 2000 na Cosina ya Japani kwa jina la Voigtländer. Ni ya aina ya renjifainda. Unatazama kwenye kidirisha kilicho juu ya kamera. Taswira mbili za kitu kimoja zinasogeleana unapozungusha lenzi, zikikaa pamoja ujue fokasi imeshika. Kupitia lenzi yenyewe huoni kitu. Ndani hamna kile kioo kinachoruka kila ukibonyeza, kwa hiyo lenzi pana inaweza kuzama hadi karibu igusane na filamu, na hakuna cha kuigonga. Kwenye kamera za kioo mambo ni mengine: mbunifu analazimika kuongeza vigae vya vioo ili lenzi ikae mbali, impishe mwenye nyumba aruke. Ndiyo sababu milimita 15 ya renjifainda inaingia mfuko wa shati, na ya kamera ya kioo inataka begi lake na mtu wa kulibeba.

Wanaonicheka nyumbani nawaambia wazimu huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iitwayo Hypergon, yenye kuona zaidi ya digrii 130. Tatizo la lenzi za namna hiyo ni kwamba mwanga hujaa katikati, pembeni ukafika umechoka. Goerz wakaning'iniza kinyota cha chuma mbele ya lenzi. Mpiga picha anaminya mpira wa hewa, kinyota kinazunguka na kuizuilia katikati mwanga ili pembeni nako kushibe, kisha kinaondolewa na picha inamaliziwa. Mtie bwana harusi wa Tanga mbele ya mashine hiyo, jua la saa nane, koti limefungwa vifungo vyote, na wewe unaipulizia feni ya lenzi wakati yeye hana hata kipepeo!

Zeiss nao walileta Hologon mwaka 1969: milimita 15, tundu la mwanga f/8 na si zaidi wala pungufu, imejengewa kamera yake maalumu. Ile nimeipenda kwa jambo moja. Iliuzwa na mpini wa kushikia kwa chini, kwa kuwa ukiishika kamera kama watu wanavyoshika kamera, vidole vyako vinatokea kwenye picha. Wajerumani waliliona tatizo, wakalitengenezea mpini. Sisi wengine tulikuja kuliona baada ya kusafisha mkanda.

Hologon siku hizi bei yake ni ya kusimuliana tu. Nilichokimudu ni Voigtländer Super Wide-Heliar, milimita 15, f/4.5, toleo la kwanza la mwaka 1999, la kufunga kwa nyuzi. Ni kadogo, kazuri, na bei yake sitaitaja humu kwa sababu mama watoto anasoma. Shemeji yangu anayeishi Muscat ndiye aliyeipokea kule na kuja nayo alipokuja kwenye posa, imefungwa taulo katikati ya halua. Pamoja nayo kilikuja kidude cha kutazamia, kile kinachochomekwa juu ya kamera, maana kidirisha cha Bessa R mwisho wake ni milimita 35. Pale uwanja wa ndege ofisa alikishika kidude, akakiweka jichoni, akamwangalia shemeji, akaangalia foleni nzima, akaangalia dari.

"Hii ya nini?"

"Ya kutazamia, afande."

"Na kamera iko wapi?"

"Anayo shemeji yangu, Dar."

"Kwa hiyo wewe umebeba jicho tu." Akamrudishia. Halua ilichunguzwa kwa makini zaidi.

Sasa ifikirie kazi yenyewe. Kidirisha cha kamera kinakuonyesha fokasi na vitaa vya mwanga. Kidude cha juu kinakuonyesha picha itakavyokaa, basi. Na toleo hili la lenzi halikuunganishwa na mtambo wa renjifainda, kwa hiyo kile kidirisha hata fokasi hakikusaidii: umbali unakisia mwenyewe. Kukisia si tabu. Weka mita 1, funga tundu hadi f/8, na kila kitu kuanzia nusu mita mpaka upeo wa macho kitatoka safi. Huo ndio utamu mkuu wa lenzi hizi, na ndio unaomlevya mtu. Unaacha kabisa kutazama kidirisha cha chini. Jicho lote liko juu, kwenye ile dunia pana ya kidude.

Kifuniko cha lenzi, ewe msomaji, hakionekani kutoka juu.

Siku ya kuleta posa nilimwachia shemeji kamera, mimi nikakaa kwenye mkeka na wazee. Alipiga kwa moyo. Alipanda kiti, alilala chini, aliwaambia wakwe wasogee, wakasogea. Ile taa nyekundu ya mita ndani ya kidirisha cha chini ilikuwa ikimlilia kwamba giza limezidi, lakini huko chini hakuna aliyekuwa akiangalia. Fundi wa Kariakoo anayenisafishia filamu alinikabidhi mkanda wote ukiwa kioo kitupu, mwangavu, hauna hata kivuli cha mtu. "Kaka," akasema, "huu umeutoa dukani ukanileta mimi nikuoshee?"

Fundi huyo ni mmoja wa wachache waliobaki wanaojua kazi, na mikanda yangu mingine imempa maswali zaidi. Pembe za picha ni nyeusi. Akanishauri nikaangaliwe kamera. Nikamweleza kwamba kwa lenzi yenye umbo kama la Hologon, ukifuata hesabu tupu, kona ya picha inapata kama sehemu moja ya kumi ya mwanga wa katikati, na 15 yangu ina ugonjwa wa ukoo huo huo japo si mkali hivyo. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaweka kidole kwenye picha ya mlango, mlango mzima safari hii, kuanzia kizingiti cha juu hadi ngazi.

"Na mguu huu wa nani?"

Wangu. Ukisimamisha kamera wima na kuiinamisha sana ili upate ngazi, digrii 110 zinaweza kukuletea na ncha ya kandambili yako. Jioni jua likiwa mgongoni, kivuli chako nacho kinahudhuria. Ukiiinua kamera juu kidogo, minara inaanguka kinyumenyume. Ukiipinda kidogo tu, nyumba za Mji Mkongwe, ambazo baadhi zimeinama kweli, zinainama na zile zilizosimama. Kidude changu hakina pima maji. Seremala wa jirani alinichekea nilipomwazima ya kwake.

Yote hayo ni ya kuvumilika. Lisilovumilika ni ukoo.

Tulipanga picha ya familia uani, Tanga, watu wengi na ua mdogo, nikasema sasa lenzi imepata siku yake. Wakaingia wote, hata mbuzi. Shangazi alichelewa kwa sababu alikuwa akisimamia pilau, akasimama mwisho wa mstari, kulia kabisa, kanga mpya, mkono kiunoni. Lenzi hii inanyoosha mistari vizuri sana: ukuta unabaki ukuta. Lakini karatasi ni bapa, na kitu cha mviringo kikiangukia ukingoni mwa karatasi lazima kivutwe. Kwa milimita 28, kichwa kilicho ukingoni kinapanuliwa kwa mara 1.2 hivi. Kwa 21 ni mara 1.3. Kwa 15, zaidi ya mara moja na nusu. Kwa 12 ni mara 1.8. Si kosa la kioo wala la fundi, ni jiometri. Shangazi hakusoma jiometri. Alichokiona ni kichwa chake kama papai lililolazwa, na wifi yake, aliyesimama katikati, akiwa mwembamba kuliko alivyo.

"Mwanangu," alisema, akiishika picha kwa mbali, "mimi nimekukosea nini?"

Nilijaribu kumweleza habari za digrii. Aliniuliza mbona digrii zimemkuta yeye peke yake. Hata ilipogundulika kwamba mbuzi, aliyekuwa upande wa kushoto, amekuwa na ukubwa wa ndama, haikusaidia.

Basi uamuzi wangu, kwa anayetaka kununua. Milimita 12 ni ya mtu asiye na ndugu; apige majengo, ngazi na mapango, aishi kwa amani. Milimita 15 inafaa vichochoro na milango, na mtu mwenye fundi mvumilivu. Ukitaka lenzi moja ya kuishi nayo, chukua 21, ile Color-Skopar ya f/4 au hata Russar ya Kirusi ya milimita 20, iliyobuniwa na Rusinov miaka ya 1950. Mlango utaingia karibu wote, na ndugu watabaki ndugu. Wenye kupenda kidirisha kimoja watafute Bessa R4, ambayo ina mistari ya 21 ndani yake, wasichomeke kidude juu wala wasipoteze.

Na kama tayari umeshanunua 15 na ukoo mzima umejipanga mbele yako, nakuomba: wazee na mashangazi waweke katikati. Pembeni weka mashemeji.