Shati Juu, Msuli Chini

Ofisi ya siku hizi ni meza ya kulia chakula. Mfanyakazi wa Tabata anaingia kikaoni kwa video na shati lililopigwa pasi, chini kajifunga msuli. Mita ya umeme ya LUKU ikianza kulia, inabidi ainuke kuingiza namba, na idara nzima ya fedha inamwona alivyo.

Wasomi wa ng'ambo nao hawakusalimika. Februari 2021 wakili mmoja wa Texas alijitokeza mbele ya jaji kwa Zoom akiwa na sura ya paka, ikabidi aieleze mahakama kwamba yeye si paka. Huyo angalau ni paka wa kompyuta. Jogoo wetu ni wa kweli, na huwika ripoti inapofika kwenye hasara.

Ila kiboko ni mama mzazi. Kwake, aliye nyumbani hana kazi. "Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, hebu niangalizie maharage yasiungue." Maikrofoni iko wazi, mkurugenzi anasikia.

Kwa hiyo, waajiri, mkiona mtu anaomba mwenyewe kurudi ofisini, na foleni yote ile ya Barabara ya Mandela, msimsifu kwa uchapakazi. Kakimbia maharage.