Simu, Miguu na Mawe ya Volkano

Kiungo kinachofanya kazi kuliko vyote katika mwili wa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Goma ni dole gumba. Huamka kabla ya mwenye nalo, hulala baada yake, na halijawahi kulalamika kuwa limechoka. Chanzo kimojawapo cha bidii hiyo kilibuniwa mbali na Kivu. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ambao kila ukisogezwa huleta habari nyingine chini yake. Zamani msomaji alifika ukingoni, akalazimika kuamua kama aendelee au akaoge. Siku hizi ukingo haupo, na kuoga kunasubiri. Raskin mwenyewe amekwisha kusema hadharani kwamba anajutia kazi yake, lakini majuto yake nayo husomwa kwenye ukurasa usio na mwisho.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mwanafunzi wa chuo cha UNIGOM au ULPGL akiulizwa, hujibu kwamba amezipita zamani, na akipimwa kwa haki huenda ikaonekana anasema kweli, ila si kwa kupenda. Vitabu vya afya hufundisha kwamba simu humfunga mtu kitandani. Waandishi wake wanaishi katika miji ambamo umeme haukatiki. Goma, simu ndiyo humtoa mtu nje. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga na chaji ikiisha, mwanafunzi huenda kwa miguu hadi kibanda cha kuchajisha. Hurudi nyumbani, hukaa, husahau kwamba hana simu, hupapasa mto, kisha huondoka tena kwenda kuuliza kama imejaa. Bado. Safari inayofuata hajaitwa na yeyote. Ni wasiwasi tu kwamba chaja yake inaazimwa mtu mwingine, na akifika hujifanya amekuja kununua mandazi. Mega za intaneti zikiisha kuna mwendo mwingine, na mtandao ukizorota kuna wa tatu, huu ukifanywa mkono ukiwa juu, zoezi la mabega ambalo vilabu vya mazoezi huwatoza watu pesa.

Kampeni kubwa kuliko zote za aina hii haikuwa na kocha. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, serikali ya Kongo ilikata intaneti nchi nzima, ikairudisha baada ya takriban siku 20. Mwanafunzi wa Kinshasa hakuwa na la kufanya ila kuvumilia. Goma imegusana na Gisenyi, na mawimbi hayasimami kugongewa muhuri: mwenye laini ya Rwanda aliyesogea karibu na mpaka aliweza kudaka mtandao wa jirani. Ghafla barabara ya kwenda kituo cha mpaka cha Petite Barrière ikawa na faida kwa mapafu. Hakuna wizara ya michezo iliyowahi kupata mafanikio kama hayo kwa kuzima kitu.

Maji ni sura nyingine. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mwanafunzi akitumwa kuijaza hueleza kwa ufasaha jinsi mgongo wake ulivyo dhaifu. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba kichwa cha mtu mzima, chenye kama kilo 5, kikiinamishwa nyuzi 60 kutazama simu, huitwisha shingo mzigo unaokaribia kilo 27. Kwa hesabu hiyo, kijana aliyekataa bidoni asubuhi ameshinda akibeba bidoni na ndoo juu yake, bila tone la maji kufika jikoni. Wanaokubali kwenda hukutana na ajali ndogo lakini ya kila siku: kwenye foleni ya bomba ujumbe huingia, mwenyewe huinamia kuujibu, na akiinua kichwa hukuta akina mama sita wamempita na bidoni yake imesogezwa kando kwa mguu.

Yapo pia mazoezi ya hiari, na hapo ndipo matatizo huanza. Alfajiri za mwisho wa wiki makundi hukimbia barabarani yakiimba na kupiga makofi. Kwa lugha ya mjini, hii ni footing. Mwanafunzi hujiunga nayo kwa dhati. Lakini kukimbia bila kupigwa video ni sawa na kutokukimbia, hivyo lazima mmoja atangulie akirekodi, naye hukimbia kinyumenyume. Katika miji mingine huo ungekuwa ujanja tu. Goma imejengwa juu ya lava: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, mto wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na mitaa mingi ingali ya mawe meusi yenye ncha, yanayokula viatu hata vya mtu anayetazama mbele. Mpiga video huonja mawe hayo kwa mgongo. Kundi husimama, humwinua, huuliza kwanza kama simu imepona, halafu hurudi mwanzo kwa sababu picha imetikisika. Mita 50 za kwanza hukimbiwa mara nyingi. Kilomita zinazofuata hazikimbiwi kabisa. Video hukaa kwenye statasi saa 24, muda mrefu kuliko maumivu ya misuli ya yeyote aliyemo ndani yake, mpiga video akiwa kando.

Sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyo kwenye mzunguko wa barabara huwavutia wengi wa hawa, kwani rangi yake ya dhahabu hupendeza kwenye kamera. Balaa ni pale chukudu ya kweli inapopita, imeshindiliwa magunia na kusukumwa na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za dakika 150.

“Papa, niazime kidogo, ni ya picha tu.”

“Mutoto ya mama, hii haiko ya picha.”

Akibembelezwa sana mwenye chombo hukubali na kukaa pembeni apumzike, maana anajua kitakachotokea. Mwanafunzi hukunja mikono ya shati, hutabasamu, husukuma. Chukudu haiendi popote. Tabasamu ndilo huondoka.

Kipimo cha mwisho cha siha ni programu ya kuhesabu hatua. Lengo lake la hatua 10,000 halikutoka maabara. Lilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha biashara. Simu huhesabu kwa kuhisi mtikisiko wenye mpigo, na haina macho ya kujua nani anautoa. Abiria wa pikipiki anayetoka Ndosho hadi Himbi juu ya mawe hutikiswa vya kutosha kusifiwa na simu yake kwa kutembea, huku mwenzake aliyepita njia hiyohiyo kwa miguu, simu ikiwa kibandani inachajiwa, akihesabiwa sifuri. Ndani ya simu hizo mna tantalumu, itokanayo na koltani. Takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia huchimbwa Rubaya, huko Masisi, na kushushwa mlimani ikiwa mgongoni mwa watu. Hatua hizo nazo hazimo kwenye programu.

Anayeona aibu ya barabarani hufanya mazoezi chumbani kwa kufuata video. Nyumba nyingi za wanafunzi ni za mbao, na kuruka kwa mmoja huangusha sufuria za watatu. Mwenye nyumba hugonga, akitangaza kuwa mlipuko wa 2021 ulimtosha. Baada ya mazungumzo, kuruka hupigwa marufuku na kuchuchumaa huruhusiwa. Mwanafunzi huanza upya, huchuchumaa mara tatu, kisha mtandao hukatika: kocha kwenye kioo amebaki na mguu mmoja hewani, na mwanafunzi, kwa kuwa hajui zoezi linalofuata, hukaa kitandani kumsubiri aushushe.