Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Sweden

Mheshimiwa Waziri,
Stockholm.

YAH: BANGO LILILOSHUSHWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 2014 wizara yako, chini ya Margot Wallström, ilitangaza kwamba Sweden ni nchi ya kwanza duniani kuwa na sera ya nje ya kifeministi. Sisi Watanzania hatukushtuka. Sweden tuliijua tangu enzi za Mwalimu: haifungamani na upande wowote, inachimba visima, na inahimiza usawa kwa sauti ya upole. Wengine huuza kahawa nje. Ninyi mliuza wema. Silaha mliuza pia, ila hazikuwa kwenye bango.

Mtihani ulikuja mapema 2015. Wallström aliisema hadharani Saudi Arabia kuhusu haki za wanawake na viboko alivyochapwa mwanablogu Raif Badawi. Akazuiwa kuhutubia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kule Cairo. Vigogo wa biashara wa Sweden wakaandika gazetini kuomba mkataba wa kijeshi wa 2005 usiguswe, nchi isije ikachafuka jina. Haukuhuishwa, na Riyadh ikamwita balozi wake nyumbani. Hapo, Mheshimiwa, naweka kejeli pembeni: heko. Kwa mara moja wema huo ulikuwa na bei, na aliyelipa ni mwenye duka.

Februari 2017 naibu waziri mkuu, Isabella Lövin, alipiga picha akisaini muswada wa tabianchi, kazungukwa na wanawake tu. Dunia ikaelewa kijembe kile kilimwendea Trump. Mwezi huohuo waziri wa biashara, Ann Linde, akawa kwenye ujumbe uliokwenda Tehran, wanawake wakiwa wamejitanda kwa amri ya sheria ya wenyeji. Mie mtu wa pwani sina ugomvi na mtandio; bibi zangu walijitanda maisha yao yote na hakuna aliyethubutu kuwapangia. Ila nimejifunza kwamba ujasiri wa Kiswidi hupungua kadiri mteja anavyosogea.

(Samahani kwa udaku: Burundi na Rwanda zilipata mawaziri wakuu wanawake mwaka 1993. Tanzania ilimwapisha Rais Samia Machi 2021. Ninyi, walimu wetu, mlimpata waziri mkuu Magdalena Andersson Novemba mwaka huohuo.)

Oktoba 2022 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Tobias Billström, akalishusha bango la sera ya kifeministi. Usawa unabaki kuwa tunu ya Sweden, alisema, ila jina lile linaficha maudhui. Namwelewa. Asiye na upande anahitaji sifa ya kumtofautisha na wenzake. Anayebisha hodi NATO, huku akisubiri saini ya Ankara, anahitaji kuchunga ulimi. Mlango ulifunguliwa Machi 2024. Utambulisho wenu mpya umewakaa vizuri, mabegani hasa.

Nina ombi dogo. Jumba la wizara yako pale Gustav Adolfs torg lilijengwa karne ya 18 na binti wa mfalme, Sophia Albertina, na usoni mwake pamechongwa kwamba yeye ndiye mjenzi. Hata hivyo linaitwa Arvfurstens palats, jumba la mwanamfalme. Kwa kuwa wizara haivumilii majina yanayoficha maudhui, naomba mafundi walioshusha bango wasiondoke na ngazi yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlipwa misaada mstaafu,
Tanga.