Kumsaka Mkosaji Ndani ya Kompaila

Kompaila ni programu inayosoma msimbo, yaani maandishi ya mtunzi wa programu, na kuugeuza kuwa maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Na kwa kuwa programu nyingi hupitia mikononi mwake, huwa ya kwanza kutajwa mambo yanapoharibika. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mtunzi wa programu aliyekosa usingizi husingizia kompaila, ingawa mara nyingi shtaka hilo hufutwa kimyakimya kabla ya kupambazuka, mlalamikaji anapobaini kosa lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo, zipo siku ambazo jua lina hatia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani walieleza matokeo ya Csmith, programu inayotunga kwa bahati nasibu programu za lugha ya C ambazo hakuna binadamu mwenye haya angekubali kuzitia saini, na ambayo ilikuwa imefichua hitilafu zaidi ya 325 zisizojulikana awali, wala hapakuwa na kompaila hata moja iliyojaribiwa ikatoka bila doa.

Hitilafu yenye maudhi zaidi ni ile ya kurudi nyuma, yaani pale jambo lililofanya kazi vizuri katika toleo la zamani linapoharibika katika toleo jipya lililotolewa kwa nia njema ya kuleta nafuu. Nyingi hujificha katika hatua ya uboreshaji, ambamo kompaila hupanga upya maagizo na kuyafuta yale inayoyaona hayana kazi, ili programu iende kasi. Humo mchunguzi akiongeza mstari mmoja tu wa kuchapisha thamani, kwa nia ya kuliona kosa linapotokea, kompaila huweza kubadili mpangilio wake wote na kosa likatoweka. Akiufuta mstari huo, kosa hurejea likiwa na afya tele.

Dawa inayoaminika ni kugawa historia nusu kwa nusu: hujaribiwa toleo la katikati, na likiwa zima, mkosaji hutafutwa baada yake, likiwa bovu, hutafutwa humo au kabla yake. Git, mfumo wa kuhifadhi historia ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, una amri ya kazi hiyo iitwayo bisect, ambayo hupekua mabadiliko 1,000 kwa majaribio yapatayo 10, na milioni moja kwa yapatayo 20. Kinachowaudhi mabingwa ni kwamba amri hiyo haiulizi maoni ya mtu wala haijali miaka ya uzoefu, ndiyo maana wengi huikimbilia baada tu ya nadharia zao zote za kuvutia kuishia njiani.

Tatizo ni kwamba kila jaribio hudai kompaila ijengwe upya, na kompaila kama GCC kwa kawaida hujijenga yenyewe kwa awamu tatu, ya kwanza ikiizaa ya pili na ya pili ikiizaa ya tatu, kisha mbili za mwisho hulinganishwa ili kuthibitisha kwamba zinafanana. Kwa maneno mengine, mshtakiwa hujiandalia ushahidi, na mahakama nzima hungoja amalize.

Ukubwa wa msako haulingani kamwe na kimo cha mkosaji. Mwaka 1999 mtafiti Andreas Zeller alieleza kisa cha GDB, programu ambayo kazi yake hasa ni kusaidia kutafuta hitilafu: kati ya matoleo yake ya 4.16 na 4.17 ilibadilika mistari 178,000, na programu ya DDD iliyoitegemea ikaacha kufanya kazi ipasavyo. Upekuzi uliofanywa na mashine ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa badiliko la maneno machache katika ujumbe mmoja, ambao DDD ilizoea kuusoma neno kwa neno.

Baada ya marekebisho, programu ndogo iliyoliumbua kosa haisamehewi: huwekwa katika ghala la majaribio, mara nyingi kwa jina la namba ya shauri lake, na hulazimika kuendeshwa upya kila kompaila inapokaguliwa. Marekebisho yenyewe huingia katika historia yakiwa badiliko jingine dogo lenye nia njema, nayo amri ya bisect, isiyo na upendeleo, itayafikia zamu yao ikifika.