Ombi la kibali cha kuzika jina

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Vikao vya Uteuzi,
Makao Makuu ya Chama.

Yah: Marehemu jina

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kuwasumbua. Najua mko vikaoni, na mkitoka vikaoni mnaingia vikaoni. Mimi ni mwanachama wa kawaida wa huku kwenye machungwa, ada nimelipa, na kila baada ya miaka mitano mnaniita "mwenye chama", cheo ninachokaa nacho kama wiki mbili hivi.

Mtakumbuka tulipiga kura za maoni kumpata mgombea ubunge. Kura za kituo chetu zilihesabiwa darasa la tano la shule ya msingi. Karatasi ya kujumlishia haikuonekana, kwa hiyo msimamizi akachukua chaki akaandika majina ubaoni, kila kura mstari, wa tano akiulaza juu ya wenzake. Mafungu ya Mwalimu wetu mstaafu yalifika mwisho wa ubao, yakashuka chini, yakaanza tena kushoto. Aliyeshika nafasi ya tatu alipata mafungu mawili na mistari mitatu. Hata mimi nilimwonea huruma. Wakala wake alisaini, tukapeana mikono, tukaenda zetu kula. Jioni tukasikia vituo vingine navyo vimesema hivyo hivyo.

Majina yakaja kwenu matatu. Likarudi moja, la mafungu mawili na mistari mitatu.

Ubao haukuwa umefutwa. Jumatatu mwalimu wa hesabu aliwaachia watoto mistari ile kama zoezi la kujumlisha, na darasa zima likapata jibu. Wana miaka kumi na moja, Waheshimiwa, na hawana mwanasheria.

Sisemi mmekosea. Jina la shughuli lenyewe lilishatutahadharisha: kura za maoni. Tulitoa maoni, mkayapokea, mkatushukuru kwa utulivu tuliouonyesha. Mtu kuulizwa kama mchuzi umekolea chumvi si sawa na kupewa mwiko.

Ninachoomba hakina gharama kwa Chama. Naomba kibali cha kuzika. Si kumzika Mwalimu, yeye ni mzima, jana nimemkuta anapanga machungwa kwenye tenga. Tunataka kuzika jina lake. Kiswahili chetu kinasema mtu amekata roho, na kinasema jina limekatwa. Tofauti naiona ndogo, isipokuwa roho ikikatwa kuna daktari anayeandika sababu.

Ndiyo maana tunaanza na cheti. Pale penye sababu ya kifo tafadhali msipaache wazi. Andikeni chochote: malaria, upepo, hata "maslahi mapana ya Chama", ugonjwa unaoua sana huku kwetu na ambao hakuna aliyewahi kutuonyesha dalili zake. Kikigongwa muhuri tutakitia fremu.

Maiti itakuwa ile fomu ya kuomba ugombea, ambayo Mwalimu aliilipia kwa bei ya mbuzi wawili. Itaoshwa na katibu wa tawi kwa maji ya chupa yaliyobaki siku ya kujinadi. Sanda tunayo, tuligawiwa kanga nyingi na hatukuuliza zimetoka wapi. Kaburi litakuwa na upana wa karatasi, ila tutalichimba kina kamili, mtu asije akafukua akakuta idadi ya kura. Shehe na mchungaji wote wamekubali, maana wote wawili walimwombea ashinde na wangependa kujua ombi lao lilikwamia kikao gani. Turubai tutaazima. Kina mama watapika wali na maharage, wazee watakesha na kahawa na bao, na matanga tutaanua siku ya tatu, siku ya kwanza tukiiacha kwa wale ambao bado wanaamini jina litarudi.

Mlangoni tutaweka daftari la rambirambi, na hapa naomba msome polepole. Kila aliyepokea bahasha wakati wa kura za maoni ataombwa aje nayo, aiandikishe. Itakuwa mara ya kwanza fedha hizo kuingia kwenye daftari lolote.

Maana kisheria bahasha hazipo. Zilipata kuwepo: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilizipa jina zuri la takrima, ukarimu wa jadi, mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema ukarimu huo unavunja Katiba, mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Tangu hapo bahasha imekuwa ikiitwa nauli, au maji, au pole na jua. Nina jirani anayekaa nyumba ya tatu kutoka pale shuleni. Alipewa nauli inayomfikisha Dodoma na kumrudisha.

Na pole na jua kweli ilihitajika. Mama yangu mzazi ana miaka 71. Alisimama kwenye foleni ya kura za maoni tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana kwa sababu masanduku yalichelewa, kakataa kiti, kakataa kurudi nyumbani, akapiga kura yake kwa mkono unaotetemeka, mkaitupa. Mlimsimamishia nini? Kama jina mlikuwa nalo mfukoni, si mngetusomea tangu asubuhi tukaenda shambani? Mnatuita wenye chama tukiwabeba mabegani, na siku tukiamua jambo moja, moja tu, tunageuka mazuzu!

Samahani. Kalamu imeteleza. Narudi msibani.

Wapo wanaomshauri Mwalimu akagombee peke yake, bila chama. Namwambia aisome kwanza ibara ya 67 ya Katiba, inayotaka mgombea ubunge awe amependekezwa na chama cha siasa. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai mgombea binafsi tangu 1993. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni la Bunge kuamua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ikampa ushindi Juni 2013. Mchungaji alifariki mwaka 2015, na masharti ya ibara ile yako palepale. Bunge linalosubiriwa limejaa watu waliopita salama kwenye mikasi ya vyama, na simjui mmoja wao atakayesimama kuomba mkasi utupwe. Kwa hiyo jina likikatwa kwenu pa kwenda ni chama kingine, nako kuna mkasi, labda butu kidogo.

Nina maombi mengine madogo. Majina yaliyokatwa yarudishiwe hela za fomu, hata nusu. Shule ipewe boksi moja la chaki, tuliyoikuta tuliimaliza kwa Mwalimu. Na mgombea mliyetuletea apatiwe mtu wa kumwonyesha njia. Juzi alimuuliza mtoto shule iko wapi, naye kasimama kwenye uwanja wake.

Mazishi tumeyapanga katikati ya kampeni. Msihangaike kutuma mwakilishi, mgombea atakuwepo tu, kwani kipindi hicho hakosi msiba hata mmoja. Tutampa koleo atie udongo kama wafiwa wengine, kisha tutamkaribisha asome wasifu wa marehemu, ikiwemo kura alizopata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpiga kura,
huenda mstari wa nne katika fungu la tisa, ubao wa darasa la tano