Mwongozo wa Kumnyima Buku Nyumba Kwenye Tuta la Mfereji

Buku ana haki ya kuishi. Haki ya kuishi ndani ya tuta la mfereji wa mpunga hana, na panya wengine na kaa vilevile. Mwongozo huu ni wa wakulima wa Cheju na wenzao wa jirani na msitu wa Jozani, wanaotaka kuwahamisha wapangaji hawa bila kuuumiza msitu.

Kwanza ujue unachopoteza. Unguja haina mto mkubwa, na maji mengi ya kumwagilia mpunga hupandishwa kutoka visimani kwa pampu. Tundu moja kwenye tuta ni umeme uliolipiwa, unamwagika usiku kucha kusikolimwa kitu.

Sasa mtambue mpangaji. Tundu la kaa lina vidonge vya tope mdomoni na hushuka hadi kwenye maji. La panya hukaa juu ya usawa wa maji, kwenye udongo mkavu, na aghalabu lina mlango wa nyuma uliofichwa majanini. Ziba milango yote jioni. Utakaokuta umezibuliwa asubuhi una mwenyewe. Kisha zunguka upande wa pili wa tuta. Maji yanayochuruzika yakiwa safi, unayo nafasi ya kuwaita wenzako. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: acha chai, shika jembe.

Kuziba mdomo kwa jiwe na majani ni kumfungia mpangaji mlango ili alale vizuri zaidi. Fukua njia yake hadi chumba cha mwisho, rudishia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo kidogo, na ushindilie kila tabaka kwa mchi au kisigino. Inachosha, lakini sijui njia ya mkato iliyodumu masika nzima.

Baada ya hapo, ichukize nyumba. Fyeka majani, maana panya hapendi kuonekana. Kingo za majaruba zisizidi upana wa sentimita 30 hivi, akose pa kujengea chumba. Tuta la mfereji mkuu haliwezi kuwa jembamba kiasi hicho, kwa hiyo litembelewe. Na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: kila mtu hufyeka kwake siku yake, panya akahamia kwa jirani, akarudi usiku. Mwombeni sheha aitishe siku moja ya bonde zima, mapema, kabla mpunga haujachukua mimba. Panya huzaa zaidi chakula kinapokuwa kingi, na mimba yake ni fupi.

Sumu, hapana. Bundi akila panya mwenye sumu naye huweza kufa, nasi tunabaki bila mlinzi wa usiku. Najua wengi wetu tukisikia sauti yake tunasoma dua. Someni, lakini msimrushie mawe. Moto nao hapana: Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na kima punju hana kwao kwingine kwa asili nje ya Zanzibar.

Wala msiagize mkombozi kutoka ng'ambo. Mwaka 1872 walipelekwa nguchiro Jamaica kutoka India ili wale panya wa mashamba ya miwa. Nguchiro huwinda mchana, panya hutembea usiku. Waliolipa ni ndege na mijusi wa kisiwa.

Kaa mwacheni mikokoni Chwaka, ambako matundu yake huingiza hewa kwenye tope na kuipa mikoko nguvu. Huko achimbe atakavyo.

Buku naye msimdharau. Kule Morogoro shirika la APOPO huwafundisha ndugu zake kunusa mabomu. Mmoja, Magawa, aligundua Kambodia mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita zaidi ya 100, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu. Pua ya namna hiyo haihitaji ramani kufika kwenye punje zilizodondoka. Basi msipure mpunga juu ya tuta.