Wembe Usiwe Ule Ule

Kijana wa Omurushaka, Nkwenda au Kaisho, hapa kwetu Kagera, uliyeamua kujinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule mrefu unaolala ndani ya mpini wake, wahenga walishapitisha ombi lako zamani: mtoto akililia wembe, mpe. Basi umepewa. Kilichobaki ni kuhakikisha Jumapili unaingia kanisani na masikio yote mawili.

Watakaokucheka wapo. Watakuonyesha saluni yenye mashine, kioo cha ukutani na muziki, wakuulize unatafuta nini kwenye mambo ya mababu. Waache wacheke mpaka umeme ukatike. Mkoa wa Kagera umetumia umeme wa kutoka Uganda kwa miaka mingi, na mteja aliyenyolewa shavu moja halafu akaambiwa asubiri umeme urudi ni mtu wa kuhurumiwa. Wembe hausubiri umeme. Na hapa kwetu chuma si mgeni. Wapelelezi Wazungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, walikuta himaya yenye wahunzi hodari, na ikulu ya Bweranyange ilihifadhi ng'ombe wadogo wa chuma miongoni mwa vitu vya enzi. Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012, lakini historia hiyo haikugawanywa. Kwa hiyo shika wembe wako bila aibu, uwe uko Kayanga au Murongo.

Ushike vipi? Hapo ndipo wengi wanapoanza kuumia. Mkononi haukamatwi mpini. Vidole vitatu hukaa juu ya shina la chuma, kidole gumba chini yake, na kidole kidogo hutulia kwenye kile kimkia kilichopinda. Mpini unabaki umeinuka tu, hauna kazi. Ukiufumbata mpini kama unavyofumbata panga la kukatia migomba, utakata kama unavyokata mgomba.

Kabla ya uso wako, nunua puto. Lijaze upepo, lipake povu la sabuni, kisha linyoe taratibu mpaka povu liishe. Puto likipasuka, umepata majibu bila kumwaga damu, na watoto wa nyumbani watafurahi. Likibaki zima, linyoe tena kesho. Vinyozi wengi duniani wamefundishwa hivyo, kwa sababu puto halisamehe mkono mzito.

Makali nayo yana adabu yake. Jiwe mnalonolea visu vya kumenyea ndizi halifai hata kidogo, maana litauachia ukingo wa wembe mapengo madogo usiyoyaona kwa macho, na kila pengo litang'oa unywele badala ya kuukata. Wembe huu unataka jiwe laini sana, tena mara chache kwa mwaka. Kazi ya kila siku ni mkanda wa ngozi. Nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu haiwezi kukosa kipande cha ngozi nzuri: funga upande mmoja kwenye kitasa cha mlango, vuta upande wa pili ukaze, kisha laza wembe bapa na uutelezeshe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe usiuviringishe juu ya makali. Ukikosea hapo utaukata mkanda na kuuharibu wembe kwa pigo moja.

Nami nasema wazi: kama jirani na kwako hakuna mtu anayejua kuunoa wembe wa aina hii, chukua ule wa kukunja unaobadilishwa makali, unaotiwa nusu ya wembe wa dukani. Umbo ni lile lile, mkono unajifunza yale yale, na makali yakiisha unatupa kipande na kutia kingine. Kwa anayeanza, hilo ndilo chaguo langu.

Sasa maji. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Watu wanautumia msemo huu kuonyana. Mimi nauchukua kama ulivyo, kwa sababu ndiyo siri kubwa ya kunyoa. Unywele mkavu ni mgumu, ukilowa maji ya moto kwa dakika 2 au 3 unavimba na kulainika. Asubuhi ya vilima vya Karagwe ni ya ukungu na baridi, ngozi imesinyaa na vinyweleo vimesimama. Ukipeleka wembe usoni saa hiyo kwa maji ya mtungi, umejitakia. Chemsha maji, chovya taulo, likamue, lifunike usoni mpaka lipoe. Kisha povu, na povu litoke kwenye sabuni ya kuogea na brashi. Sabuni ya mche iachie mashati.

Anza na shavu, chini kidogo ya sikio, mahali palipo bapa. Laza wembe karibu na ngozi, mgongo wake uinuke kidogo tu, kama nyuzi 30. Ukiusimamisha zaidi unakata ngozi, ukiulaza kabisa unavuta nywele. Mkono wa pili unyooshe ngozi kwa upole. Pitisha vipande vifupi, vya sentimita 2 hivi, bila kukandamiza, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Utasikia sauti: wembe mkali kwenye ndevu zilizolowa hukwaruza kwa mlio mwembamba na mkavu. Mlio ukipotea na ngozi ikaanza kuuma, simama, urudishe wembe kwenye mkanda. Na usiupeleke wembe ubavuni hata kwa nukta moja. Wembe unaokwenda mbele unanyoa, unaoteleza pembeni unachanja.

Siku ya kwanza nyoa mashavu tu, kidevu na shingo vimalize kwa kifaa ulichokizoea. Huko ndiko kuna mikunjo, na huko ndiko papara huonekana.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Wazungu hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita. Ndevu zetu zina mviringo. Ukizinyoa kinyume na zinavyolala, au ukivuta ngozi kupita kiasi, ncha iliyokatwa hurudi chini ya ngozi, kisha hukua ikijichoma ndani. Ndivyo vipele vya shingoni vinavyozaliwa, vile vinavyomfanya kijana alaumu sabuni, maji na hata kinyozi wake. Papasa shingo kwa kidole ujue ndevu zinaelekea wapi, maana shingoni mara nyingi hubadili njia, kisha fuata mwelekeo huo. Usitafute utelezi wa shavu la mtoto. Acha kivuli kidogo cha ndevu kibaki, hakimdhuru mtu.

Ukimaliza, maji ya baridi, halafu kipande cha shabu kilicholowa kipitishe usoni. Kitawasha pale ulipokosea na kunyamaza pale ulipopatia.

Sasa niseme jambo ambalo sitanii. Mashabiki wa mpira wana msemo wao kwamba wembe ni ule ule, na uwanjani ni raha tupu. Usoni ni hatari. Mkoa huu unalijua suala la damu kuliko mikoa mingi: wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka hapa Kagera, mwaka 1983, wakati watu wakiuita ugonjwa huo Juliana. Machi 2023 Marburg ilizuka Bukoba, na Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo, nao ni ugonjwa unaosambaa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo wengi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kutaka ujifunze. Mwenye wembe wake, anayejua kuutumia, haogopi wembe wa mtu mwingine. Uoshe kwa sabuni, ufute kwa spiriti, uukaushe kabisa usishike kutu, uuweke juu watoto wasipofikia. Usimwazime kaka, usimwazime baba mkwe, hata akuombe kwa heshima zote. Mchemshie maji, mpe sabuni, kisha mnunulie wa kwake.

Na siku utakayokwenda kwa kinyozi kabla ya harusi, kwa kuwa siku kama hiyo haina muda wa kujaribu, mwambie kwa upole: "Samahani fundi, naomba ufungue wembe mpya hapa mbele yangu." Kinyozi mzuri hatakasirika. Atachana karatasi, autie kwenye mpini, na akimaliza atautupa. Akikataa, vaa kofia uondoke.